Ua la Ijumaa ya Kurudi

La Retama, Texas
3 Septemba 1994

Dada Odilia,

Pokea salamu za jasho kutoka kwa mdogo wako Cuco. Sisi wazima. Yadira mwanao mzima, anakula, anasoma, ananisema. Paka wako kahamia kwa jirani tangu aone mpishi wa nyumba sasa ni mimi, na simlaumu. Chumba cha nyuma nimekiwekea bati jipya, mvua ikinyesha hakivuji tena, ila mvua yenyewe haina habari na sisi.

Joto ni lile lile uliloliacha Mei, limenenepa tu. Lakini kalenda imesema Septemba, basi watu wa hapa wameshaamua kwamba msimu wa majani kupukutika umeingia, na mimi nani nibishane na wateja. Jana nimeshusha maboga ya kwanza kutoka lori la kaskazini, nimeyapanga pale njia panda karibu na makaburi na kuyafunika turubai yasiungue. Kuni nazo nauza. Dada, watu wananunua kuni. Mzee mmoja kashuka garini, shati limemganda mgongoni, kachukua mzigo mzima. Namuuliza, "Mzee, unakwenda kuota moto?" Ananiambia, "Nakwenda kuzipanga kando ya mlango. Mke wangu anasema bila kuni mlangoni si Oktoba." Nikamwambia hata Oktoba yenyewe bado. Akasema, "Ndiyo maana nawahi." Mimi nawapenda watu hawa. Wengine wanasubiri msimu uje, sisi tunaanza bila mwenyewe.

Sasa la maana. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza binti wa nyumba yetu yuko darasani Septemba, hayuko huko Michigan kwenye ngazi za kuchuma matufaha. Na ndiyo mwaka wake wa mwisho wa shule. Ijumaa ya Kurudi imepangwa tarehe kumi na nne Oktoba. Ile mechi ambayo waliosoma zamani wote wanarudi kushangilia, na kutwa nzima wasichana wanapita na yale maua ya kitambaa kifuani, makubwa kama sinia, riboni mpaka magotini, kengele zinalia kama kundi la mbuzi. Nimemuuliza Yadira kama analitaka. Akasema, "Mjomba, vitu vya kipumbavu hivyo." Juzi nikamkuta kasimama mbele ya duka la riboni, kaweka mkono kwenye kioo, hata kupepesa macho hapepesi. Sasa niamini mdomo au niamini mkono?

Niandikie. Simu usipige, simu ya kambi yenu ina masikio sitini, na mimi siwezi kusema uongo mbele ya watu wengi hivyo.

Mdogo wako,
Cuco


Kambini, Michigan
14 Septemba 1994

Mdogo wangu Cuco,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, wenzangu wa kambini wazima, wanakusalimu, hasa wale wasiokujua. Usiku kumeanza baridi, tunalala na soksi. Miti ya barabarani imegeuka njano upande mmoja tu, kama mtu aliyekuwa ananyolewa umeme ukakatika. Mwambie Yadira barua zake nazipata na aache kuniuliza kama nakula.

Amini mkono.

Sikiliza, Cuco. Mimi sikuwahi kulivaa. Kila mwaka tulikuwa tunarudi kutoka huku Novemba. Naingia darasani, wenzangu wameshayatundika yao ukutani vyumbani mwao, kazi ni kusimulia tu. "Odilia, ulikosa." Nikajifunza kusema ni upumbavu. Huo mdomo unaousikia kwa Yadira ni wangu, nimemwachia pamoja na pua. Halafu mwaka mmoja Mama alitangulia, akaumia mgongo huku mashambani, ikatumwa habari nyumbani kwamba anahitajika mtu wa kuziba nafasi yake, nikapanda basi. Nilikuwa darasa la tisa. Hakuna aliyenilazimisha. Kwetu ndivyo inavyokwenda, mama anaanguka, binti anafunga daftari, na kila mtu anamsifu binti.

Mtengenezee. La mwaka wa mwisho ni jeupe na rangi ya fedha, basi. Ukichanganya na rangi nyingine watamcheka mpaka Krismasi. Na mimi nitakuwepo. Nimeshaongea na msimamizi, kuna gari la watu linashuka kusini tarehe kumi. Asubuhi ya Ijumaa nitambandika kwa mikono yangu. Nataka iwe ghafla, usimwambie. Cuco, nimesema usimwambie. Nakujua.

Odilia


La Retama
24 Septemba 1994

Dada Odilia,

Salamu nyingi, nyingine zimeyeyuka njiani. Yadira mzima, kapata alama nzuri kwenye hesabu na kazibandika mlangoni kwangu ili nizione nikienda kulala. Mimi mzima. Maboga siyo wazima. Yale ya mwanzo yamelainika, ukilishika moja linakupa mkono kama mgombea wa uchaguzi. Lakini watu wananunua tu. Wanachonga macho na meno Jumamosi, Jumanne uso umeshamwagika barazani, Jumatano wako kwangu tena. "Cuco, nipe lingine, hili limezeeka." Hawakati tamaa hawa.

Ua nimelianza. Nilikwenda kwa Doña Chole, yule mjane wa nyuma ya kanisa anayesuka riboni za nusu ya mji. Alivyoona vidole vyangu akacheka mpaka akakaa. Kanifundisha msuko wa kwanza, wa pili kanifundisha huku anaomba rozari, sijui anamwombea nani. Nikaenda kujifungia kibandani na bomba la gundi ya moto, wiki nzima, Dada, nikapata kitu cha maana. Jeupe katikati, fedha pembeni, riboni zimeshuka, dubu mdogo wa kitambaa kakaa katikati ya petali kama bwana shamba. Sasa nifiche wapi Yadira asilione? Nikalifungia ndani ya gari.

Kesho yake mchana nikafungua mlango. Dubu yuko kwenye gia. Petali ziko chini kwenye mazulia. Kengele tatu zimeganda kwenye kiti cha dereva na hazitoki, nimejaribu kisu. Nikalibeba lilivyo kwa Doña Chole. Akaniangalia kama anamwangalia mtoto wa Jumapili aliyemeza sadaka. "Baba," anasema, "gundi ya moto umeipeleka kwenye moto? Hizo gundi ni za watu wa mbali wenye hewa ya baridi. Hapa kwetu hili jambo linashonwa." Basi nimepewa sindano. Naanza upya.

Jana Yadira kapanda gari nimpeleke sokoni. "Mjomba, mbona ukikaa kuna kengele?" Nikamwambia ni goti. "Goti linalia kengele?" Uzee, nikamwambia, utaufikia.

Niambie hilo gari la tarehe kumi linafika huku siku gani, nije nikupokee barabarani.

Cuco


Kambini, Michigan
1 Oktoba 1994

Mdogo wangu Cuco,

Salamu kwako, kwa Yadira, na kwa Doña Chole na uvumilivu wake. Habari ya kengele nimewasomea wanawake wa jikoni, mmoja kamwaga supu.

Majani huku sasa yamekuwa mekundu ajabu. Kuna mti mmoja mbele ya dirisha, asubuhi ni wa dhahabu, mchana ni mwekundu, jua likishuka unakuwa kama kaa la moto. Upepo ukipita yanaanguka kidogo kidogo halafu yote kwa pamoja. Nyasi asubuhi zina umande mweupe, zinateleza. Kuna ndege wanapita juu wakienda kusini, wamejipanga vizuri kuliko watoto wa shule.

Habari ya gari, tutaona. Matufaha mwaka huu mengi.

Endelea kushona.

Odilia


La Retama
6 Oktoba 1994

Dada,

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma, nikaenda kuuza maboga, nikarudi kuisoma tena.

Tangu lini wewe unaangalia majani? Miaka yote umekwenda huko, nikikuuliza kukoje unaniambia "kuna matufaha". Mtu anayechuma hatazami dirisha, Dada. Mtu anayechuma hayuko ndani. Sasa wewe umekaa wapi unaona mti mmoja asubuhi, mchana na jioni?

Na Yadira kabadilika. Zamani kila nikirudi, "Mama kaandika?" Wiki hii haulizi. Anakwenda kwa Doña Chole jioni, anasema anamsaidia riboni za watu. Juzi kaniuliza basi la kwenda kaskazini linaondoka siku gani. Nikamwambia ya nini. Akasema mwalimu wa jiografia kauliza.

Ua limebaki riboni za mwisho. Vidole vyangu vimetobolewa mpaka nikinywa maji naogopa yatavuja. Niambie ukweli, Dada. Utani nitautunza.

Cuco


Kambini, Michigan
8 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako, labda liko njiani, lakini najua utakuwa umeshanusa. Kwa hiyo nakuambia mwenyewe.

Nilianguka. Jumatano ile ya mwisho wa Septemba, ngazi iliteleza kwenye nyasi. Mtulinga wa kushoto, mfupa huu wa begani, umevunjika. Daktari kanifunga mkono kifuani, kasema nisitikiswe. Gari la tarehe kumi ni mabenchi ya mbao na siku mbili za mashimo, siwezi. Nakaa jikoni kambini. Wanawake wananikatia nyama kama mtoto, na mimi nawatolea amri, ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Sasa ninachokuomba. Yadira asijue. Akijua atapanda basi. Atakuja huku, atachukua ngazi yangu, atasema ni kwa wiki chache tu mpaka mama apone. Mimi pia nilisema wiki chache. Najua kila neno atakalolisema kwa sababu nilishalisema, na najua watu watakavyomsifu.

Mwambie matufaha yamechelewa kuiva. Mwambie msimamizi kanizuia. Mtukane msimamizi, haina neno, amezoea. Mbandike wewe. Upande wa kushoto, pini mbili kwa chini na utepe shingoni, maana zito. Halafu msimamie aendelee na shule. Kitu kingine sitaki.

Odilia


Kambini, Michigan
12 Oktoba 1994

Cuco,

Nimepata barua yako ya tarehe sita. Mwalimu wa jiografia hajauliza habari ya basi. Mzuie Yadira. Najua karatasi hii itafika mechi imeshachezwa, lakini nimeandika, maana kukaa bure siwezi.

Odilia


La Retama
16 Oktoba 1994

Dada Odilia,

Sisi wazima, salamu zimeishia hapo, nina mengi.

Barua yako ya mtulinga ilifika Alhamisi. Niliisoma nimekalia boga, na boga likakubali uzito, nikaenda chini nalo. Hilo nimekusimulia ucheke. Mengine si ya kucheka sana.

Ijumaa asubuhi nililiweka ua juu ya meza. Yadira katoka chumbani, kasimama. Kapitisha kidole kwenye mshono, wote, duara zima. "Nani kashona?" Mimi. "Mjomba, wewe huwezi hata kushona kifungo." Ndiyo maana nimechukua mwezi, nikamwambia. Akauliza, "Na Mama?" Nikamwambia matufaha, na msimamizi mshenzi, nikamtukana yule bwana mpaka mwenyewe nikamwonea huruma. Akaitikia kwa kichwa tu. Nikaanza kubandika, mkono mbio mbio. Akaushika. "Taratibu, Mjomba. Humo ndani kuna mtu."

Dada, ungeona. Joto siku hiyo lilikuwa la kuchagua, mbwa wamelala chini ya magari. Na wasichana wote wa La Retama wanapita na zile sinia zao, nyingine zina taa, shingo zinang'aa jasho, hakuna hata mmoja aliyelivua. Nilikwenda kwenye uzio wa shule saa sita nikijidai nauza maji. Nikamsikia kabla sijamwona. Jioni uwanjani ndiyo kabisa. Wapiga bendi wamevaa sufu na manyoya ya kichwani. Wazee wametoa majaketi yao ya shule ya zamani, ni mwezi wa jaketi, kwa hiyo jaketi. Kina mama wanauza chokoleti ya moto, na foleni ndefu, Dada, watu wanapuliza vikombe huku jasho linadondokea humo humo. Bibi mmoja kajifunga skafu. Namuuliza, "Bibi, husikii joto?" Akaniambia, "Nasikia, mwanangu. Lakini hii ni skafu ya mechi." Nilitaka kumbusu mkono. Tulifungwa vibaya, hakuna aliyejali.

Nikamwambia Yadira, mama, livue sasa, utepe umekukata shingo. Kakataa. "Tangu darasa la kwanza nalisubiri hili, Mjomba. Wacha linikate." Huyo ndiye aliyeniambia vitu vya kipumbavu.

Jumamosi nilishindwa. Tulikuwa njia panda tunayageuza maboga upande mzuri uangalie barabara. Nikasema, "Yadira, kuna jambo la mama yako." Akasema bila kuinua uso, "Mtulinga wa kushoto. Ngazi iliteleza." Nikabaki na boga mkononi. Alikuwa anajua, Dada. Mkwe wa Doña Chole alitoka huko kambini mapema, alifika huku kabla ya majani yako mekundu. Doña Chole alijua siku ananifundisha msuko wa mwisho. Mji mzima ulijua, nimebaki mimi tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kushona. Ungewasha gari siku hiyo hiyo. Na Mama alitaka nilivae."

Mimi nimeuza kila kitu mji huu, fataki, miti ya Krismasi, vifaranga vilivyopakwa rangi, na nimeona watu wengi wanaojikaza. Sijaona kama huyu. Kutwa nzima kwenye lile joto, na lile zigo shingoni, na mfupa wako kichwani mwake, na kila nikiinua kamera anatabasamu, ili mimi nifurahi na wewe upate picha.

Lakini sikiliza lililobaki. Nilimwambia kila ulichoniandikia, la Bibi yake, la darasa la tisa, la wiki chache. Nilimwambia, "Mama yako alipanda basi lile." Akasema, "Najua," akageuza boga lingine. Leo tangu tutoke misa kajifungia ndani, nasikia droo zinafunguka na kufungwa. Na sasa kuna begi mlangoni. Limejaa, limefungwa. Nimelipita mara kadhaa na sijaligusa. Nikimzuia kwa nguvu ataondoka kwa hasira, nikinyamaza ataondoka kwa utulivu. Kesho nitaamka mapema nikae mlangoni. Zaidi ya hapo sina ujanja, na unajua ni mara ngapi mimi nimekosa ujanja.

Cuco


Kituo cha mafuta, Missouri
18 Oktoba 1994

Dada,

Barua hii inaweza kufika baada yangu. Ikiwa hivyo, isome mimi nikiwa nakula.

Jana nililala kwenye kiti mlangoni, nikaamka kuna kikombe cha kahawa mguuni na Yadira kasimama, daftari kwapani. Nikaanza ile hotuba yangu. Akanikata. "Mjomba, hilo begi ni lako."

Nikalifungua. Suruali zangu mbili. Lile sweta langu moja, sijui kalitoa wapi, lilikuwa linazibia dirisha. Miswaki miwili, mmoja wako. Ramani kachorewa na mkwe wa Doña Chole, mpaka mlango wa jiko la kambi.

"Mimi leo nina mtihani wa hesabu," akasema. "Wewe una nini?"

"Nina maboga."

"Maboga yameoza, Mjomba."

Ni kweli yameoza. Usiku atalala kwa Doña Chole, wameshapanga. Gari nalo lilikuwa tayari, mito imejaa kiti cha abiria, na akanipa masharti. "Mto wa katikati ni wa mkono wake wa kushoto. Wewe usiuegemee. Ukipiga breki, piga kama umebeba mayai." Nikamwambia basi nibebe na ua, mama yako alione. Akakataa kata kata. Kalitundika ukutani chumbani kwake. "Anayetaka kuliona aje alione hapo."

Jana jioni nimeona majani mekundu kwa macho yangu. Ni kweli, mazuri. Nikavaa sweta, baridi yenyewe ikaja bila mtu kuisumbua. Nikawawazia watu wetu pale La Retama na kuni zao mlangoni. Huku msimu mnapewa bure. Kwetu tunautoa jasho, na tunautoa kila mwaka.

Kilichobaki ni kile ulichokitaka, nisije nikafika ukaniuliza kabla sijakaa. Yadira alipotoka nyumbani jana sikuondoka. Nilimfuata na gari nyuma nyuma, polepole, kama mwizi. Alijua. Alitembea mpaka getini pa shule, wala hakugeuka, akanyoosha mkono tu kunionyesha kaskazini iko wapi. Halafu akaingia.

Cuco